Grisi haijaisha: mazoezi kwa kijana mwenye baridi yabisi

Kuna kufuli moja kubwa kwenye kibanda changu cha uwakala hapa Majengo, Moshi, ambalo kwa muda mrefu ndo lilikuwa kipimo changu cha ugonjwa. Nafika saa moja na nusu asubuhi, naingiza ufunguo, nataka kuuzungusha, vidole vinagoma. Sio kwamba vinauma sana, vinagoma tu, vile viungo vya katikati vimevimba na ukitaka kukunja ngumi haifungi. Kuna asubuhi nilikuwa nasubiri kijana wa bodaboda apite anifungulie, na yeye ananiangalia kama namtania, manake nilikuwa na miaka 24 na kwa macho sina tatizo lolote.

Ukimwambia mtu una baridi yabisi kwa umri huo jibu la kwanza ni kwamba huo ni ugonjwa wa bibi. Alafu ushauri unaanza, na ushauri wenyewe siku zote ni wa pande mbili. Mama na mashangazi wanasema kaa, pumzika, usifue, usiguse maji ya baridi. Vijana wenzangu wanasema njoo jimu, jikaze, mwili umelegea ndo maana unauma. Mi nimewafuata wote kwa nyakati tofauti na kote kote nimeumia, kwahiyo hapa nataka nieleze taratibu hiki kitu kinavyofanya kazi humo ndani ya kiungo, kwasababu ukishaelewa hilo hutasubiri mtu akupangie, utaamka mwenyewe na kujua leo ni siku ya kutembea au ni siku ya kunyoosha viungo kitandani basi.

Naanza na jina lenyewe manake nadhani limetupotosha mara mbili. Baridi tunaijua. Yabisi ni kukauka, kitu kikavu na kigumu. Kwahiyo kwa neno la kwanza watu wanaamini ugonjwa umeletwa na baridi, ulilala kwenye sakafu ya sementi, ulioga maji ya baridi, umekulia huko juu Kibosho kwenye ukungu. Ni kweli hapa kwetu mwezi wa sita na wa saba viungo vinakaza zaidi, hata mimi nasikia, ila kukaza zaidi ni kitu kimoja na kuletewa ugonjwa ni kitu kingine. Watu wa Dar na Tanga na joto lao wanaumwa vilevile. Kwa neno la pili ndo watu wanaamini kiungo kimekauka, grisi imeisha, na kutoka hapo ndo yanakuja maji ya bamia na supu ya kongoro. Sina ugomvi na bamia, ni mboga nzuri, lakini ukishaimeza inameng'enywa kama chakula kingine chochote, hakuna njia ya ule mlenda kutoka tumboni mpaka gotini ukiwa bado mlenda.

Na ukweli wenyewe ni kinyume. Goti zima la mtu lina mililita chache tu za ule ute wa kulainisha kiungo, haufiki hata kijiko cha chai, na ni mzito unaovutika kama ute wa yai. Goti la baridi yabisi linapovimba huwa na maji mengi kupita kiasi, na maji yenyewe yamekuwa mepesi. Mimi niliwahi kuvutwa maji ya goti la kushoto na daktari, sindano kubwa ikajaa, kitu cha rangi ya njano chenye ukungu kinatoka, nikakumbuka vile vikombe vyote vya maji ya bamia nilivyokunywa nikidhani goti limekauka.

Sasa goti linakulaje? Siku ukila paja la kuku angalia ule mwisho wa mfupa, kuna kitu cheupe kinachong'aa na kuteleza. Hiyo ndo gegedu. Kwa binadamu ipo vilevile kwenye ncha za mifupa inayokutana, na kitu cha ajabu kuhusu gegedu ya mtu mzima ni kwamba haina mshipa wa damu hata mmoja. Nyama ina damu, mfupa una damu, gegedu haina. Chakula chake chote inakipata kwenye ule ute unaoizunguka, na inakipata namna hii: chukua dodoki la kuogea lililolowa, likamue, maji machafu yanatoka, liachie, linanyonya maji mapya. Ukikanyaga mguu gegedu inakamuliwa, ukinyanyua inanyonya. Hatua, hatua, hatua. Moyo hauhusiki hapo, pampu ni kutembea kwako wewe. Kwahiyo yule anayekaa kitandani miezi mitatu ili goti lipone analinyima chakula bila kujua, na mama anayesema "kaa tuu mwanangu" anasema kwa upendo kabisa lakini goti halifaidiki.

Ila simama hapo kwanza, usivae raba ukatoka mbio, manake neno ugonjwa wa viungo ni kapu, ndani yake kuna magonjwa mengi na hayaendi sawa.

Kuna ule wa kusagika, ambao wengi ndo wanaufahamu kwa wazee, ila kijana aliyeumia goti kwenye mpira anaweza kuupata mapema. Huo ukiamka kiungo kinakaza dakika chache, chini ya nusu saa, alafu kinalainika, na kinauma zaidi jioni baada ya kazi. Kuna baridi yabisi yenyewe, ambayo kinga ya mwili, wale askari wanaotakiwa kupigana na vijidudu, wanageuka na kushambulia utando wa ndani ya kiungo, na huu unapenda viungo vidogo vya mikono na miguu, kulia na kushoto kwa pamoja, na asubuhi unakaza kwa saa nzima au zaidi, na unawapata wanawake mara mbili mpaka tatu kuliko wanaume. Kuna wa watoto, unaoanza kabla ya miaka 16, na mtoto anakua nao mpaka ujana. Kuna gauti, ya chumvi ya asidi ya uriki kuganda kwenye kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, usiku, hata shuka likigusa unapiga kelele. Hiyo ikiwa imepamba moto hamna mazoezi ya kiungo hicho, subiri itulie. Na hapa niseme kitu, kipimo cha asidi ya uriki kikiwa juu peke yake hakimaanishi una gauti, na kile kipimo cha damu cha baridi yabisi kikitoka hasi hakimaanishi huna, wapo wengi tu wanaumwa na kipimo ni hasi. Mimi nilizungushwa karibu mwaka mzima kwa sababu hiyo.

Alafu kuna mmoja nataka nikae nao kidogo kwasababu vijana wa kiume wanauumwa na hawajui. Ni ule wa uti wa mgongo na nyonga. Unaanza mara nyingi kwenye miaka ya ishirini, mgongo wa chini unauma na kukaza, unakuamsha usiku wa manane kuelekea alfajiri, na cha kushangaza ukipumzika unazidi, ukitembea unapungua. Kijana wa bodaboda anaambiwa ni kiti cha pikipiki, anapumzika wiki mbili nyumbani, anarudi akiwa vibaya zaidi. Mgongo wa kuchoka kwa kazi ukipumzika unapata nafuu, huu haupati. Ukijiona hapo kwa zaidi ya miezi mitatu nenda hospitali na useme hivyo hivyo, kwamba kupumzika ndo kunaniumiza, daktari ataelewa haraka. Na kwa hawa mazoezi ndo sehemu ya matibabu kabisa, kila siku, ya kunyoosha mgongo na kupanua kifua.

Na wawili wa kuwatoa kabisa kwenye makala hii kabla sijaendelea. Mwenye kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chekundu, cha moto, na homa juu yake, huyo aende hospitali leo leo, inaweza kuwa ni usaha ndani ya kiungo na usaha unaharibu kiungo kwa siku chache tu. Na mwenye selimundu anayeumwa nyonga, apigwe picha kwanza, manake kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kimekosa damu na mazoezi ya kukikandamiza yatakimaliza.

Tuje kwenye nyama. Nilipopelekwa fizio, kwa wataalamu wa tiba ya mazoezi, mara ya kwanza nilikuta mzee mmoja mtulivu, nikamwamkia, akaniambia panda kitandani, nyoosha miguu. Siku ile hakunipa mazoezi yoyote. Alichukua futi ya kamba kama ile ya fundi cherehani, akapima sentimita kumi juu ya goti la kulia, akazungusha, akaandika. Akapima la kushoto. Paja la kushoto lilikuwa dogo kwa sentimita tatu. Akanishika mkono akauweka juu ya paja langu, akasema kaza, nikakaza, laini kama unga uliokandwa. Akasema, "Binti, unalilaumu goti wakati shokapu ndo zimekufa."

Hilo neno la shokapu ndo lilinifungua. Kila mtu aliyepanda Noah ya kwenda Machame anajua gari lenye shokapu mbovu linavyopiga kwenye shimo, chuma kwa chuma. Msuli wa mbele ya paja ndo shokapu ya goti. Ukikanyaga chini kishindo kinapokelewa na msuli kwanza, ukiwa dhaifu kinaenda moja kwa moja kwenye gegedu na utando uliovimba. Na baridi yabisi ina tabia ya kula misuli, uvimbe wenyewe unaila, kukaa kunaila, na vidonge vya prednisoloni, vile vya steroidi vya kushusha uvimbe, vikitumika muda mrefu navyo vinaila, kwahiyo unakuta mtu uzito kwenye mzani haujashuka, pengine umepanda, ila ndani nyama imeondoka na mafuta yamechukua nafasi. Kwa uzito pia kuna hesabu moja watafiti waliipata kwa watu wenye magoti ya kusagika, ukipunguza kilo moja ya mwili, kwenye kila hatua goti linapunguziwa mzigo wa karibu kilo nne. Kila hatua. Hesabu hatua za kutoka Majengo mpaka stendi utaona hizo ni tani ngapi.

Zamani hata madaktari wenyewe walikuwa wanalaza watu. Mgonjwa wa baridi yabisi anawekwa kitandani wiki nyingi, viungo vimefungwa ubao, wakiamini kiungo kikitumika kinaharibika zaidi. Hofu hiyo ilikaa muda mrefu sana na mabaki yake ndo tunayo majumbani mpaka leo. Kule Uholanzi wakaamua kuipima. Walichukua wagonjwa zaidi ya 300 wa baridi yabisi, nusu wakaendelea na matibabu ya kawaida, nusu wakapewa mazoezi makali hasa, mara mbili kwa wiki, saa moja na robo kila mara, kwa miaka miwili mfululizo, baiskeli, mazoezi ya nguvu na michezo. Matokeo yalitoka 2003. Walewale wa mazoezi wakawa na uwezo zaidi wa kufanya shughuli zao, na eksirei kwa ujumla hazikuonyesha viungo kuharibika zaidi ya wenzao wa matibabu ya kawaida. Isipokuwa, na hili naliandika makusudi kwasababu watu wanapenda kuliruka, wale ambao viungo vikubwa kama magoti na mabega vilikuwa vimeshaharibika sana tangu mwanzo, kwao kulikuwa na dalili kwamba mazoezi yenye kishindo yanaweza kuongeza uharibifu. Kwahiyo mwenye ugonjwa mchanga na mwenye goti lililokwisha kuliwa hawapewi programu moja. Picha ya eksirei ndo inaamua, sio ujasiri.

Mi nilijifunza hilo kwa njia mbaya. Nilianza kuchomwa sindano kwenye duka moja la dawa, kila nikizidiwa naenda, na kila nikitoka siku tatu nne nakuwa mzima kabisa, nguo nafua, ngazi napanda, sura ikaanza kujaa watu wakadhani nimenawiri. Sikujua ni dawa za jamii ya steroidi. Kwenye uzima ule wa kuazima nikajiunga na jimu. Mwalimu alikuwa kijana mwenye nia njema, ila sikumwambia kitu, na hata ningemwambia sijui kama angejua afanye nini, akatuweka kwenye skwoti za kuruka, seti nne, goti linaanza kupiga moto namwambia mwalimu linauma, ananiambia vumilia, maumivu ndo mwili unajengeka. Nikavumilia. Usiku ule goti lilivimba mpaka suruali haipandi, nikalala siku tisa. Sindano ilikuwa imeficha maumivu, ugonjwa ulikuwa palepale, na mimi nikauruka juu. Kwahiyo nikisema usimeze diklofenaki, kile kidonge cha maumivu, ili uweze kumaliza mazoezi nasema kutoka huko, kile kidonge kinazima kengele wakati moto unawaka, ukiacha madhara yake kwenye tumbo na figo. Na kama wewe nawe umeshazitumia hizo steroidi muda mrefu usizikate ghafla peke yako, mwili unakuwa umeacha kutengeneza za kwake, daktari anakupunguzia hatua kwa hatua.

Haya, sasa maumivu yapi ni ya kuvumilia na yapi sio? Hapa ndo pana kazi na hapa ndo nimekaa miaka. Msuli uliofanya kazi mpya unauma kesho yake na keshokutwa, unauma kwenye nyama, pande zote mbili, ukiukanda unasikia utamu fulani, na siku ya tatu umekwisha. Hayo ni ya kawaida, hayana shida. Maumivu ya kiungo yapo kwenye maungio yenyewe, ni makali au ni ya moto, yanakuja mazoezini hapohapo au usiku ule, na kiungo kinaweza kujaa na kuwa cha moto ukikigusa kwa mgongo wa mkono. Wataalamu wana sheria yao ya masaa mawili: kama masaa mawili baada ya mazoezi kiungo kinauma kuliko kilivyokuwa kabla hujaanza, ulizidisha, mara nyingine punguza, muda au uzito au kasi. Angalia, wanasema punguza, hawajasema acha. Mi nilikuwa najua vitu viwili tu, kufanya yote au kuacha yote, na nadhani wengi wetu tuko hivyo, tukisikia nafuu tunafua mashuka yote na kufagia uwanja wote siku moja, alafu tunalala wiki.

Kitu kingine ni saa. Klabu za jogingi hapa mjini zinakutana saa kumi na moja alfajiri, giza bado, wanaimba wakikata Double Road, ni raha sana kuwatazama. Lakini kwa mwenye baridi yabisi alfajiri ndo saa mbaya kuliko zote, manake zile kemikali za uvimbe mwilini zinapanda kilele chake kuelekea asubuhi, ndo sababu hasa ya kukaza. Ukitoka kitandani ukaenda kukimbia unakimbia na viungo vilivyofungwa. Aidha uamke saa nzima kabla, uoge maji ya moto, ukunje na kunyoosha vidole ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, unywe chai, ndo utoke, au ufanye kama mimi, saa kumi na moja jioni nikishafunga hesabu.

Nafanya nini? Natembea kwanza kabisa. Kutoka hapa mpaka karibu na msitu wa Rau na kurudi, barabara ni tambarare na kuna kivuli. Nilianza na dakika tano, kweli tano, nikaona aibu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yale ambayo unaweza kuongea ila huwezi kuimba, na mazoezi ya nguvu siku mbili, na tangu 2020 hawadai tena kwamba lazima ziwe kumi kumi, hata dakika tatu za kwenda dukani zinahesabika. Hii kwa mwenye siku mbaya na nzuri ni habari njema mno.

Barabara za juu, Uru, Kibosho, Old Moshi, nazipenda ila naziheshimu. Watu wanaogopa kupanda, kumbe kupanda kunachosha pumzi, kushuka ndo kunakula magoti, manake kwenye kushuka paja linafanya kazi ya breki na kofia ya goti inakandamizwa kila hatua. Muulize mpagazi yeyote wa mlimani siku gani magoti yanauma, atakwambia siku ya kushuka. Nikienda juu napanda kwa miguu na kurudi na bodaboda. Baiskeli pia ni nzuri sana, hasa upande wa chini kuelekea TPC, kwenye mashamba ya miwa, ambako hakuna mlima, kiti kikiwa juu ya kutosha mpaka mguu ukiwa chini goti limekunjika kidogo tu, kiti kifupi kinakunja goti kupita kiasi na utalijua usiku.

Maji ndo zawadi ya mwenye viungo vibovu. Ukisimama kwenye maji ya kiunoni mwili unabeba kama nusu ya uzito wake, yakifika kifuani ni kama robo au theluthi. Hulazimiki kujua kuogelea, kutembea tu mle ndani na kurudi, maji yanakusukuma kila upande, msuli unafanya kazi na goti halisikii kishindo. Hapa mjini kuna bwawa la YMCA, na kule njia ya Boma Ng'ombe kuna Chemka, ambayo hata sio ya moto kama jina linavyosema. Mama aliposikia naingia kwenye maji alikaa kimya muda mrefu, alafu akaniambia, "Na baridi yabisi hiyo?" Jina tena. Nikamchukua siku moja akakaa pembeni akaniona natembea kwenye maji dakika ishirini natoka nacheka, hakusema tena.

Ya nguvu nafanya chumbani. Kukaa na kunyanyuka kwenye kiti bila kushika, mara nane, pumzika, mara nane. Kulala chali, mguu umenyooka, kukaza paja na kusukuma nyuma ya goti kwenye godoro hesabu kumi, hili ndo la kwanza alilonipa mzee wa fizio na linafaa hata goti likiwa limevimba kwasababu kiungo hakisogei. Kwa mikono nina tyubu ya baiskeli nimeikata, naifunga kwenye nondo ya dirisha, navuta kwa kuizungusha kwenye kiganja cha mkono badala ya kuing'ang'ania kwa vidole. Na vidole vina mazoezi yake, Uingereza walipima programu ya mazoezi ya mikono kwa watu wa baridi yabisi karibu 500, matokeo yakatoka 2015, na waliofanya mikono yao ilifanya kazi vizuri zaidi mwaka mmoja baadaye, juu ya dawa walizokuwa wanatumia. Juu ya dawa, sio badala ya dawa, tafadhali. Mazoezi hayawatulizi wale askari walioasi. Dawa kama methotreksati ndo zinawatuliza, na hiyo inamezwa mara moja kwa wiki, sio kila siku, watu wamekufa kwa kukosea hapo, na msichana anayetaka ujauzito lazima aongee na daktari mapema. Mi nameza Ijumaa usiku, Jumamosi nakuwa na kichefuchefu, kwahiyo Jumamosi siipangii kitu.

Siku za kuzidiwa zinakuja hata ukifanya yote sawa. Kiungo kimevimba, cha moto, siku hiyo sibebi uzito juu yake, naweka kitambaa cha maji baridi dakika kumi hivi, nakipeleka mwendo wake wote mara chache kwa upole, nakaza misuli bila kusogeza kiungo, nalala mchana. Viungo vingine vizima vinaendelea na kazi. Vikitulia narudi nusu ya nilipokuwa, sirudi nilipoishia.

Kuna onyo moja ambalo sisi wa huku tunalihitaji kuliko wengine. Baridi yabisi ya miaka mingi inaweza kulegeza maungio ya juu kabisa ya shingo. Kama shingo inauma mpaka kisogoni, au mikono inakufa ganzi, au unasikia kama umeme unashuka mgongoni ukiinamisha kichwa, usibebe ndoo wala mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, usifanye mazoezi ya kusimamia kichwa wala ya kuvuta shingo, mpaka shingo ipigwe picha. Desemba tunapopanda wote nyumbani mgombani ndo shida inapokuja, kila mtu anakata majani na wewe umesimama, na mashangazi wanaona umerudi mjini umekuwa mvivu. Mi Desemba iliyopita nilimwambia shangazi waziwazi mbele ya wote, nikafungua simu nikamwonyesha picha ya shingo ya mtu, nikamwambia shangazi, huu mfupa ukihama nalala kitandani maisha. Akaninyang'anya ngata akaivaa yeye. Mimi nikachukua kazi ya kumenya ndizi na kutembea kufuata maziwa.

Na moyo. Hili madaktari wengi hawatuambii kwasababu foleni ni ndefu na wewe umekuja na vidole. Uvimbe wa baridi yabisi haukai kwenye viungo peke yake, unagusa mishipa ya damu pia, na mwenye ugonjwa huu ana hatari ya ugonjwa wa moyo karibu mara moja na nusu ya mwenzake asiye nao. Kwahiyo kutembea kule Rau nafanya kwa ajili ya moyo kama ninavyofanya kwa ajili ya magoti. Na uchovu, ule uchovu wa baridi yabisi ambao hauelezeki, kama mtu amekuwekea gunia mgongoni tangu asubuhi, nao unapungua ukizoea mazoezi, ingawa wiki mbili tatu za kwanza utaona kama unazidi.

Kama unaanza wiki hii, nenda kwanza upate jina la ugonjwa wako. Wataalamu wa viungo nchini ni wachache, wengi tunaanzia kwa daktari wa magonjwa ya ndani, huyo anatosha kuanza, na omba akuandikie fizio, KCMC, ile hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi, wapo na hospitali nyingi za mkoa wapo, usisubiri akumbuke yeye. Kisha nunua daftari la shule. Andika ulichofanya, dakika ngapi, maumivu kabla kati ya sifuri na kumi, maumivu baada ya masaa mawili. Ukiona wiki nzima imetulia ongeza kidogo, kama sehemu moja ya kumi. La kwangu ukurasa wa jana umeandikwa: Rau na kurudi dakika 30, goti la kushoto 3, baada ya masaa mawili 3, vidole 2. Paja nililipima Jumapili kwa ile futi ya fundi, tofauti imebaki sentimita moja. Wiki ijayo naweka dakika 33.